Kondomu imepasuka usiku: fanya hivi leo

Jumatatu asubuhi ndiyo siku yetu. Duka ninalouzia dawa hapa Tanga linafunguliwa saa mbili, na kabla sijamaliza kufuta kaunta anakuwa ameshasimama msichana pembeni, karibu na rafu ya dawa za meno. Anasubiri mama aliyefuata dawa ya kikohozi aondoke. Mama akitoka, anasogea.

"Dokta, shikamoo."

"Marahaba."

"Naomba Panadol." Namfungia Panadol. Hatoki. Halafu sauti inashuka: "Na ile nyingine."

Mimi si daktari, ni mteknolojia dawa, ila dirishani kila mwenye koti jeupe ni dokta. Na ile nyingine naijua, ni P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Namuuliza swali moja tu la kuanzia: "Lini?" Sijauliza nani, wala ilikuwaje, wala mama anajua. Nauliza lini, kwa sababu dawa hii haijali habari nyingine yoyote kama inavyojali saa.

Haya ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia pale dirishani, ila pale huwa nayakatiza kila mtu mwingine akiingia.

Kwanza kabisa: kama ulilazimishwa

Kama hukutaka, au ulikuwa umelewa au umelala hujijui, au mtu alikutisha, usianzie dukani. Nenda hospitali moja kwa moja, au kituo cha afya kilicho karibu. Kule utapata dawa ya kuzuia mimba, na pia dawa za PEP za kuzuia Virusi vya Ukimwi. PEP lazima ianze ndani ya saa 72, na inamezwa kwa siku 28. Ukiweza, usioge kwanza, na nguo ulizokuwa umevaa zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo.

Tanzania utasikia habari ya PF3, fomu ya polisi, na kwenye vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Fomu ni muhimu kwa kesi, lakini ukiwa umesimama njia panda, huku polisi na huku hospitali, mimi nakwambia shika ya hospitali. Dawa zina saa, fomu itafuata. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia. Kenya wana nyingine ya ukatili wa kijinsia, 1195.

Na hata kama ulikubali lakini huna miaka 18, na aliyekuwa nawe ni mtu mzima, sheria inalitazama jambo hilo kwa jicho lake. Hilo halikunyimi matibabu.

Hatua ya 1: Hesabu saa

Hesabu tangu tendo lilipofanyika, siyo tangu ulipoanza kuogopa.

Vidonge hivi, ambavyo dawa iliyomo ndani inaitwa levonorgestrel, vinafanya kazi vizuri ndani ya saa 72, yaani siku 3. Kuanzia hapo mpaka saa 120, yaani siku 5, vinaweza kusaidia bado ila nguvu imeshuka. Tuseme ilikuwa Jumamosi saa tano usiku. Saa 72 zinaisha Jumanne saa tano usiku. Saa 120 zinaisha Alhamisi saa tano usiku. Andika kwenye simu ukiona akili haijatulia.

Sisi watu wa pwani tuna mtego wetu hapo. Kwa bibi zetu usiku hutangulia mchana, kwa hiyo "usiku wa Jumapili" ni ule wa kuamkia Jumapili. Kijana wa leo akisema usiku wa Jumapili ana maana ya Jumapili jua lilipozama. Tofauti ni saa 24 kamili, na kwenye dawa hii saa 24 ni nyingi. Ndiyo maana mteja akiniambia usiku wa siku fulani, namuuliza tena: kulipokucha, ilikuwa siku gani?

Kama mlikutana zaidi ya mara moja, hesabu tangu ile ya kwanza isiyo na kinga.

Sasa, watu wakisikia siku 3 wanadhani wamepewa siku 3 za kufikiria. Sivyo. Mimba haitungwi palepale. Mbegu za kiume zinaweza kukaa ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku 5 zikisubiri yai, na yai lenyewe likitoka linaishi kama siku moja tu. P2 inachofanya ni kulichelewesha lile yai lisitoke mpaka mbegu zife. Ikilikuta bado halijatoka, umepona. Ikikuta limeshatoka jana, haina cha kuzuia. Wewe hujui yai lako liko wapi, mimi sijui, na kalenda ya simu inabahatisha tu. Basi meza leo. Ukiweza asubuhi, usingoje jioni.

Kwa maelezo hayohayo utaona kwa nini P2 siyo dawa ya kutoa mimba. Ikikuta mimba imeshajishika haiitoi, wala haimdhuru mtoto. Kila mwezi nakutana na mtu aliyekosa hedhi wiki tatu anaomba P2. Huyo namwelekeza kwenye kipimo, namrudishia pesa yake.

Hatua ya 2: Je, kweli unaihitaji?

Unaihitaji kama hamkutumia kinga, kondomu ilipasuka au ilibaki ndani, au mwenzio aliahidi kumwaga nje akachelewa. Unaihitaji kama unatumia vidonge vya kila siku ukaruka 3 au zaidi, hasa mwanzoni mwa paketi. Kama unachoma sindano ya miezi 3, kuchelewa siku chache hakukutoi kwenye kinga, lakini ukizidisha wiki 4 baada ya tarehe ya kurudi na mmekutana bila kondomu, njoo.

Unaihitaji hata kama ilikuwa mara ya kwanza, hata kama mlisimama. Kukojoa baadaye hakusaidii, na kujiosha na sabuni kunachubua tu. "Siku salama" nazo kwa msichana ambaye hedhi yake bado haijatulia, mwezi huu siku 26, mwezi ujao 35, hazina usalama wowote wa kutegemea.

Huihitaji kwa sababu ya busu, wala kwa kukumbatiana na nguo mwilini. Nimeulizwa, sicheki.

Hatua ya 3: Nenda, ukaseme

Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi. Kumeza ni rahisi, kutamka ndiko kugumu. Basi nikupe maneno, uyatumie kama yalivyo: "Naomba dawa ya dharura ya kuzuia mimba." Inatosha. Ukisema P2 tunaelewa pia. Ukiona haya kabisa, andika kwenye simu unioneshe kioo. Wapo wanaofanya hivyo na hatujawahi kushindwa kuelewana.

Nenda famasi iliyosajiliwa. Kwa kawaida hudaiwi cheti cha daktari. Au nenda zahanati au kituo cha afya cha serikali, ambako njia za uzazi wa mpango hutolewa bure. Baadhi ya vituo vina huduma rafiki kwa vijana, mara nyingi chumba au saa iliyotengwa ili usipange foleni moja na jirani yenu. Mwongozo wa taifa hauwatengi vijana kwenye uzazi wa mpango kwa sababu hawajaolewa au hawajazaa. Nalisema hili kwa sababu wapo wenzangu wa kazi wanaoanza na mahubiri. Ukikutana na mmoja wa hao usibishane naye. Sema asante, vuka barabara, ingia duka linalofuata. Saa zinakwenda wakati yeye anahubiri.

Usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayeleta na bodaboda, wala vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Dukani kwenyewe, kabla hujalipa, tazama boksi. Lisomeke levonorgestrel. Tazama tarehe ya kuisha. Bonyeza bati la vidonge uone halijatoboka. Halafu soma miligramu, na hapa tusimame kidogo.

Dozi nzima ni miligramu 1.5. Kuna boksi zenye kidonge kimoja cha 1.5, na kuna zenye viwili vya 0.75. Postinor-2, ambayo ndiyo iliyotuachia jina la P2, ni hivi viwili. Sasa anakuja kijana pesa haitoshi: "Dokta, nikatie kimoja." Ukikatiwa kimoja cha 0.75 umemeza nusu dozi, na nusu dozi haikukingi nusu mimba. Bora nikukopeshe. Ndiyo, nimeshakopesha, na mara nyingi wamelipa.

Na vijana wa kiume, nyinyi mkija tunafurahi, sema mje mmejiandaa. Kuna mmoja aliingia mbio, kofia ya bodaboda bado kichwani, akasema, "Nipe P2, anti." Nikamuuliza hedhi ya mwisho ya mwenzake ilikuwa lini. Akanitazama kama nimemuuliza umri wa gavana wa Benki Kuu. Kuna dawa anameza? Hajui. Ana kifafa, ana TB? Hajui. Nikamwambia mpigie. Akatoka nje, akarudi na simu sikioni, tukaongea watatu. Kumbe binti alikuwa anameza dawa za kifafa, na hilo lilibadilisha kila kitu.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mweleze muuzaji kama unatumia moja ya hizi:

- dawa za TB zenye rifampicin (zile zinazogeuza mkojo rangi ya chungwa);
- dawa za kifafa kama phenytoin, carbamazepine au phenobarbital;
- ARV (dawa za Virusi vya Ukimwi) zenye efavirenz.

Hizi zinalifanya ini liiteketeze P2 upesi kuliko inavyotakiwa. Njia nzuri kwako ni kitanzi, ambacho nitakieleza, au mtoa huduma akuongezee dozi. Anayemeza TLD, ile ARV ya kidonge kimoja ambayo wengi wanatumia sasa, hana tatizo hilo. Kama una mwili mkubwa sana nalo pia litaje, maana P2 hupungua nguvu kwa mwenye uzito mwingi. Hakuna anayekusimanga, ni hesabu ya dawa tu.

Kunyonyesha hakukuzuii. Shinikizo la damu halikuzuii. Kuwa hujawahi kuzaa hakukuzuii.

Hatua ya 4: Meza

Kama ni kidonge kimoja cha 1.5, meza na maji. Kama ni viwili vya 0.75, meza vyote viwili kwa pamoja. Karatasi za zamani ndani ya boksi zinasema kimoja sasa na kingine baada ya saa 12, na ukifanya hivyo hujakosea. Lakini kumeza vyote kwa mpigo kunafanya kazi vilevile, na hakuna atakayesahau kuamka saa kumi usiku. Nimeona wengi wakikisahau kile cha pili kuliko waliosumbuliwa na kumeza viwili.

Kula kitu kwanza, hata mkate na chai. Hakuongezi nguvu ya dawa, kunapunguza kichefuchefu.

Kaa uangalie saa. Ukitapika ndani ya saa 2 tangu umeze, dozi ile ihesabu imepotea, rudi uchukue nyingine. Ukitapika baada ya hapo, dawa imeshaingia mwilini, tulia. Ndiyo maana nashauri usimeze ukiwa unapanda basi la Lushoto, na zile kona za Soni.

Hapo umemaliza. Usiongeze kidonge cha tatu "kwa usalama".

Ukiwa mbali na duka: vidonge vya kawaida

Kuna kijiji ambacho P2 haijafika lakini zahanati ina vidonge vya kila siku vya uzazi wa mpango. Hivyo vinaweza kutumika kwa dharura, kwa hesabu maalumu. Vile ambavyo kila kidonge kina levonorgestrel miligramu 0.15 na ethinylestradiol mikrogramu 30, kama Microgynon, unameza 4 mara moja, na 4 tena baada ya saa 12. Lazima viwe vile vyenye dawa. Mstari wa mwisho wa paketi wenye rangi ya kahawia ni madini ya chuma, hauzuii chochote. Njia hii inatapisha zaidi na kinga yake ni ndogo kuliko ya P2, kwa hiyo muulize nesi kabla, umsomee kilichoandikwa kwenye paketi. Mahali ambapo hakuna kingine, ni njia halali kabisa.

Kuna na kidonge kingine kiitwacho ulipristal, miligramu 30, kinachoshikilia nguvu yake mpaka saa 120. Ulaya kinauzwa kwa jina la ellaOne. Kwetu ni adimu, ukibahatika nacho usikichanganye na P2.

Kitanzi, ambacho hakuna anayekitaja

Katika zote hizi, inayokinga kuliko zote ni kitanzi cha shaba. Wengine wanakiita lupu, Wakenya wanasema koili. Kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, hakijali uzito wako wala dawa za kifafa, na kikishakaa kinaendelea kukukinga mpaka miaka 12. Ukitaka mtoto mwakani, kinatolewa, na uwezo wa kushika mimba unarudi palepale.

Nakitaja kwa msisitizo kwa sababu pale dukani sina cha kukuuzia hapo, na ndiyo sababu wauza dawa wengi hawakukumbushi. Kinawekwa kituoni na mtoa huduma aliyefunzwa, ni dakika chache, kunauma kama hedhi kali. Msichana ambaye hajazaa anaruhusiwa. Atakachokuuliza nesi ni kama una dalili za kisonono au ugonjwa mwingine wa zinaa, maana hao wanatibiwa kwanza. Ukienda, sema wazi kwamba ni dharura na taja saa, wasije wakakupangia tarehe ya wiki ijayo.

Hatua ya 5: Siku zinazofuata

Unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu, matiti kuuma. Huwa yanapita ndani ya siku moja au mbili. Unaweza kuona matone ya damu katikati ya mwezi. Hiyo siyo hedhi, na siyo ushahidi kwamba mimba "imetoka". Ni homoni zimeshtuka. Hedhi yenyewe inaweza kutangulia au kuchelewa siku kadhaa.

Kitu ambacho si cha kawaida ni maumivu makali ya tumbo la chini, upande mmoja hasa, wiki chache baadaye, pamoja na kizunguzungu au damu isiyoeleweka. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. P2 haiisababishi, lakini ikitokea ni hospitali siku ileile.

Halafu kosa ambalo linanirudishia wateja walewale Ijumaa: P2 inashughulika na yaliyopita. Haikulindi na la kesho. Na kwa kuwa imelichelewesha yai, siku zinazofuata ndizo zenye hatari zaidi. Mtu anameza Jumatatu, Jumatano wanakutana tena bila kinga kwa imani kwamba "bado iko mwilini". Haiko.

Hivi ina nguvu kiasi gani, na inaharibu kizazi?

Chukua wanawake 100 waliokutana na mwanamume mara moja bila kinga katika wiki ya pili au ya tatu ya mzunguko. Bila kufanya chochote, 8 hivi wangeshika mimba. Wote wakimeza levonorgestrel kwa wakati, atashika mmoja. Kwa hiyo ni dawa nzuri, lakini yule mmoja yupo, na siku moja anaweza kuwa wewe.

Kuhusu kizazi, hapana. Haiharibu, haikaushi mayai, hailimbikizi sumu. Hata ile kanuni inayozunguka mabwenini kwamba mwisho ni mara mbili kwa mwaka haina msingi wa kitabibu. Ukiihitaji mara ya tatu, njoo, usikae nyumbani na hofu ya mimba kwa kuogopa kidonge. Lakini anayeimeza kila wiki ninamkalisha chini, kwa sababu nyingine: hedhi yake itavurugika asijue kichwa wala mkia, atatumia pesa nyingi, na bado atakuwa na kinga ndogo kuliko ya mwenye sindano au kijiti.

Ninachokiogopa ni vile vya bure. Maji ya majivu. Majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi. Soda na aspirini. Maji ya chumvi, ndimu, Flagyl za rundo. Hakuna hata kimoja kinachozuia mimba. Kingine kinaunguza tumbo, na vyote vinakula saa zako 72 huku ukidhani umeshajitibu. Binti mmoja alinijia siku ya 6. Siku zote hizo alikuwa anakunywa majivu asubuhi na jioni kwa ushauri wa shoga yake, tena kwa bidii, hakuruka dozi.

Hatua ya 6: Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine

P2 haigusi huko hata kidogo. Kama humjui hali yake mwenzio, au unamjua anavyo na hamezi dawa, nenda kliniki ya CTC, ile ya huduma za Virusi vya Ukimwi, au kituo cha afya leo hii ukaulize PEP. Zingatia kwamba saa zake ni 72 tu, hakuna 120. Unapimwa kwanza, unaanza, unameza siku 28 bila kuruka, unarudi kupimwa baada ya miezi 3. Ukiona usaha, vidonda, au mkojo unawaka, usingoje: yanatibika.

Hatua ya 7: Chagua cha kudumu, leo

Ukiwa bado umesimama kituoni au dukani, anza njia nyingine siku hiyohiyo. Baada ya P2 huna haja ya kungoja hedhi. Unaweza kuanza vidonge vya kila siku leo au kesho, kuchoma sindano, au kuwekewa kijiti mkononi. Kwa siku 7 za mwanzo ongeza kondomu. (Aliyemeza ulipristal yeye husubiri siku 5 kwanza ndipo aanze homoni.) Kondomu peke yake nayo ni njia, ikivaliwa tangu mwanzo na siyo dakika ya mwisho, isiyokaa miezi kwenye pochi ikilaliwa, na isiyopakwa mafuta ya nazi au Vaseline. Mafuta yanaulainisha mpira, unachanika. Nusu ya "kondomu imepasuka" ninazosimuliwa, nikichimba nakuta Vaseline.

Na kama mwenzio ndiye hataki kondomu, ujue hata P2 umenunua wewe.

Hatua ya 8: Siku ya 21

Kabla hujatoka dukani, fungua kalenda ya simu, hesabu siku 21 tangu mlipokutana, weka alama. Andika chochote, "kitabu cha maktaba", mama akiona asielewe.

Hedhi ikija kabla ya hapo, kama ilivyo kawaida yako, futa alama. Ikichelewa zaidi ya wiki moja, ikija kidogo kuliko desturi, au siku ya 21 ikifika kimya, nunua kipimo cha mkojo. Ukipima mapema sana kitakudanganya. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, chovya mpaka kwenye mstari ulioandikwa usizidishe, weka mahali palipo sawa, soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Usikichukue kwenye taka jioni ukakisoma upya, kinaweza kuwa kimechora mstari wa kivuli.

Mstari mmoja ni hapana. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa umefifia, ni ndiyo. Hapo usirudi kwangu wala kwa mtu wa dawa za kienyeji, nenda kituo cha afya, ukaanze kliniki mapema na mtu mzima mmoja unayemwamini, shangazi, mama mdogo, mwalimu wa malezi. Na kama unasoma, shule haijaisha: Tanzania Bara imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani tangu Novemba 2021, Zanzibar ilitangulia miaka kadhaa kabla, na Kenya wana sera hiyo tangu 1994.

Yule wa Jumatatu alirudi baada ya wiki mbili na nusu. Dukani palikuwa na watu wanne. Hakusimama pembeni safari hii, alikuja mpaka dirishani akaomba pedi, kwa sauti ya kawaida, akalipa.